Boma la Mjerumani na Ukumbi wa Azimio: uzoefu wangu na Makumbusho ya Taifa, Arusha

Anayetaka jibu la haraka alichukue hapa. Makumbusho ya Taifa ya Tanzania wana vituo viwili Arusha mjini: Makumbusho ya Elimu Viumbe, yaliyo ndani ya Boma la Mjerumani, na Makumbusho ya Azimio la Arusha, lile tamko la TANU la Ujamaa na Kujitegemea, pale Kaloleni. Nimeingia vyote viwili mara nyingi, peke yangu, na watoto, na wageni. Ukiwa na muda wa kituo kimoja tu, nenda Kaloleni. Ukiwa na nusu siku, anza Boma, halafu shuka kwa miguu na Barabara ya Makongoro hadi Kaloleni.

Kazi yangu ni kuendesha watalii, na humo ndimo uchungu wangu ulipo. Kampuni moja niliyowahi kuifanyia kazi ilikuwa inatuagiza tuwaambie wageni kwamba Arusha ni mahali pa kulala na kununua maji, basi. Saa kumi na mbili asubuhi gari liwe limeshatoka, Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, moja kwa moja hadi Ngorongoro. Wageni wanakwenda kuliona korongo la Olduvai bila hata dakika kumi za maandalizi, wanasimama pale juu wanatazama udongo mwekundu, wanauliza, "Ndiyo hii tu?" Nilichoka kuulizwa. Siku hizi nikipewa nafasi ya kupanga ratiba mwenyewe, naanzia Boma.

Boma lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900 hivi, na tangu 1987 ni makumbusho. Katika sehemu inayoeleza chimbuko la binadamu utakutana na habari za Zinjanthropus, fuvu ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Fuvu halisi linatunzwa Dar es Salaam na taasisi hii hii. Halafu kuna Laetoli, kusini mwa Olduvai: nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua, miaka milioni 3.6 iliyopita. Timu ya Leakey ilizifukua kuanzia 1978. Katika miaka ya 1990 zilifukiwa tena kwa ustadi, kwa sababu mizizi ya miti na mmomonyoko vingezimaliza. Wageni wangu wengi hushangaa wakisikia hivyo, wengine hata hukasirika kidogo, mpaka uwaeleze kwamba alama iliyodumu muda wote huo chini ya ardhi inaweza kufutika machoni pa kizazi kimoja ikiachwa wazi. Hapo ndipo wanapoelewa kwa nini wanaonyeshwa nakala, na kwa nini nakala ina heshima yake.

Upande wa wadudu na wanyama nitaupita upesi. Watoto wanaupenda sana, mimi huwaachia.

Ninachotaka kila Mtanzania akitazame pale ni kuta zenyewe. Mawe yale hayakujipanga. Waarusha na Wameru walilazimishwa kuyabeba, baada ya vita vilivyofuata kuuawa kwa wamisionari wawili Meru mwaka 1896. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani wakamnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi, kule Old Moshi, pamoja na viongozi wengine, wakiwemo wa Meru na Arusha. Kwa hiyo Boma lilipokuwa linasimama, familia nyingi za hapa zilikuwa matangani. Mimi nikiingia uani huwa nasimama kwanza, kisha ndipo nakwenda kwenye mafuvu. Mpwa wangu aliwahi kuniuliza, "Mjomba, kama walitutesa hivyo, kwa nini hatukulibomoa?" Nilimjibu kwamba tukilibomoa, siku akija mtu kukana kwamba jambo hili lilitokea, tutamwonyesha nini?

Na kulilinda jengo si jambo linalojiendea lenyewe. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Ya baadaye yanahitaji kutangazwa. Sasa Arusha yetu karibu yote ni ya baada ya hapo, na viwanja vya katikati ya mji vina bei kubwa. Nyumba za zamani ninazozikumbuka nikiwa mdogo, nyingine leo ni maghorofa ya vioo. Taasisi inapokaa ndani ya jengo, ikalipaka chokaa na kulifungulia wanafunzi, ina maana zaidi kuliko kibao ukutani.

Ukitoka Boma, ni mwendo wa robo saa hivi kwa miguu. Utapita karibu na uwanja wa Sheikh Amri Abeid, unaoitwa kwa jina la mshairi aliyekuwa pia waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere. (Vijana wengi wanaokwenda pale kutazama mpira hawajui alikuwa nani. Waambieni.) Halafu unauona Mnara wa Azimio, na ukumbi uko hapo jirani.

Ukumbi ni wa kawaida kabisa, nami napenda ulivyoachwa hivyo. Humu ndimo Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikaa tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa. Siku iliyofuata mabenki yakawa mali ya umma. Makumbusho yalifunguliwa 1977. Soma polepole habari za miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Hukubaliani nayo? Sawa, lakini soma ukiwa umesimama palepale ilipopitishwa.

Mara moja nilimkuta mzee mmoja na mjukuu wake. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitikia, akanieleza alivyokuwa kijana wakati wa matembezi ya kuunga mkono Azimio, mwaka ambao kijana Seth Benjamin alifariki njiani akitembea. Mhifadhi wa zamu aliacha kuzungumza, akamvutia mzee kiti, akamwachia nafasi aeleze. Kwangu hiyo ndiyo huduma bora niliyowahi kuiona katika makumbusho yoyote.

Kwa wanaopanga kwenda: beba kitambulisho, maana kiingilio cha raia ni cha shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni. Omba kutembezwa na mhifadhi, usizunguke peke yako, na usiogope kuuliza. Ukitaka kupiga picha, uliza kwanza. Walimu wanaoleta darasa zima wapige simu mapema na wawagawe watoto katika makundi, kwa sababu vyumba vya Boma ni vidogo na aliye nyuma hasikii kitu. Vifodi vingi (daladala ndogo za hapa) vinapita karibu na Mnara wa Azimio, kwa hiyo kurudi nyumbani ni rahisi ukimalizia Kaloleni.