Solaris ya 1972 au ya 2002: ipi ya kutazama na mwenzi wako?

Mimi na mume wangu tulizitazama filamu zote mbili hapa Moshi, mvua za Aprili zikigonga bati. Kisa ni kimoja: Kris anafika kwenye kituo cha angani, na mkewe aliyejiua miaka iliyopita anamtokea chumbani, mzima kabisa.

Ya 2002, ya Steven Soderbergh, ni dakika 99 tu. Inaonyesha ndoa yenyewe: walivyokutana, walivyogombana kwa sababu ya mimba. Ni nzuri, na George Clooney, anayemwigiza Kris, amejitahidi.

Ya Andrei Tarkovsky ya 1972 inapita saa mbili na nusu. Gari linakimbia kwenye barabara za Tokyo kwa dakika kadhaa, hakuna anayezungumza la maana. Vumilia. Utafika pale Kris anapotoka chumbani na Hari, yule mkewe, asiyeweza kuachwa peke yake, anaupasua mlango wa chuma kwa mwili wake, damu ikimchuruzika. Mume wangu alinishika mkono.

Nachagua hii. Ukimya wake naujua: ni wa nyumba ambamo watu wawili wameacha kuulizana habari za kutwa. Ilipoisha chai ya tangawizi ilikuwa imepoa, naye akaniuliza, "Mama Neema, uko sawa?" Hakuwa ameniuliza hivyo tangu Krismasi.