Uzoefu wangu: kipimo cha kidole kwa mgonjwa wa mshtuko wa moyo

Katika vipimo vyote ambavyo mgonjwa wa mshtuko wa moyo hufanyiwa kwa mikono wodini, kinachoogopwa zaidi ni cha kidole kwenye njia ya haja kubwa. Wengi hukiruka. Mimi nakipendekeza, mradi kifanywe taratibu.

Hofu ina msingi. Puru (sehemu ya mwisho ya utumbo) ikitanuliwa huamsha neva ya vagasi, inayopunguza kasi ya moyo, mapigo yakapungua na presha ikashuka. Hata hivyo, utafiti uliotoka kwenye New England Journal of Medicine mwaka 1969 haukuona kipimo hicho kikiwadhuru wagonjwa wenye mshtuko mpya. Na faida yake ni kubwa: anayetumia aspirini, klopidogreli na heparini (dawa za kuzuia damu kuganda) kwa pamoja akikutwa na kinyesi cheusi kama lami, dalili ya damu kuvuja tumboni, mpango mzima wa dawa lazima uangaliwe upya. (Uliza kwanza kama anameza vidonge vya madini ya chuma, navyo hukifanya cheusi.)

Mgonjwa alale ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa. Anayepumua kwa shida asilazwe bapa; kichwa cha kitanda kiinuliwe. Mashine ya kufuatilia moyo iwashwe, mlio wake usikike. Jeli iwe nyingi. Ncha ya kidole itulie mlangoni mpaka msuli ulegee, naye apumue kwa mdomo bila kubana pumzi wala kujikamua. Kinachoharibu kazi ni haraka: kidole kikilazimishwa kwenye msuli uliokaza, maumivu huja, kisha jasho la baridi na kizunguzungu. Hapo toa kidole, mlaze chali, inua miguu kama hapumui kwa shida, hesabu mapigo. Atropini, dawa ya kuongeza mapigo, iwe karibu.

Kifua kikiwa bado kinauma, presha iko chini au mapigo yamevurugika, ahirisha, isipokuwa kuna dalili za kutoka damu zinazohitaji uamuzi sasa hivi.

Vipimo vingine havinipi wasiwasi. Presha naitaka mikono yote miwili kabla ya dawa ya kuyeyusha bonge la damu. Tofauti ikizidi 20 mmHg, kwanza hakikisheni aota, mshipa mkuu utokao moyoni, haijachanika. Moyo usikilizwe kila siku, kwa sababu mvumo mpya wiki ya kwanza unaweza kumaanisha ukuta kati ya vyumba umetoboka au vali imeachia, na hiyo ni dharura. Ninachokataa ni kukanda mshipa wa shingoni (ili kupunguza mapigo) ndani ya miezi 3 baada ya mshtuko.