Get Over It: muvi ya mapenzi ya wanafunzi ambayo wengi wameiruka

Muvi ni ya 2001, vinara ni Kirsten Dunst na Ben Foster, muongozaji Tommy O'Haver. Mwaka uliofuata Dunst akatokea kwenye Spider-Man, kila mtu akamjua kwa hiyo, na hii ikasahaulika. Pale Kirumba, Mwanza, ninapojaziwa flashi, kijana wa kibanda alinitajisha jina mara ya pili kabla hajaamini. Alikuwa nayo, ila imelala kwenye folda moja na katuni na mieleka.

Kisa chenyewe chepesi. Berke (Foster) ameachwa na Allison, msichana aliyemjua tangu utotoni. Allison kahamia kwa Striker, kijana wa maringo aliyewahi kuimba kwenye bendi ya wavulana. Berke ni mtu wa mpira wa kikapu, kuimba hajui, kucheza ndiyo kabisa, lakini anajitosa kwenye igizo la shule ili awe karibu na Allison. Anayemnoa ni Kelly (Dunst), mdogo wake Felix, rafiki wa Berke. Mwisho ushaujua, najua.

Raha haiko kwenye mwisho. Iko kwenye namna wanavyofika huko. Mwanzoni kabisa Berke ndiyo kwanza kaachwa, anatembea barabarani kanuna, nyuma yake mwanamuziki Vitamin C na wenzake wanaimba kwa furaha kwamba mapenzi yatatuweka pamoja, watu wa mtaani nao wanajiunga kucheza. Yeye hana habari nao. Nilirudisha nyuma nikaangalia tena kabla ya kuendelea.

Halafu kuna Martin Short, mwalimu wa maigizo anayejiona yeye na Shakespeare ni saizi moja. Kachukua A Midsummer Night's Dream akaitia nyimbo alizotunga mwenyewe, na Kelly akithubutu kugusa noti moja anashushuliwa mbele ya wenzake. Sisi tuliomjua Shakespeare kupitia Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere tunaweza kuogopa jina hilo, lakini hapa huhitaji kusoma chochote. Igizo lina wavulana wawili wanaomgombania msichana mmoja huku msichana mwingine, Helena, akiachwa pembeni. Kelly ndiye kapewa nafasi ya Helena. Jukwaani na nje ya jukwaa mambo ni yale yale, na hapo ndipo mwandishi alipocheza vizuri.

Niliiweka tena kwenye saluni ya dada yangu Mabatini, maana ni kama saa moja na nusu tu, hata rasta hazijafika nusu kichwa. Ubishi ukaanza. Dada akasema Allison hana kosa, mtu akichoka aseme. Mama mmoja aliyekuwa anasukwa aligoma kabisa kuhusu wazazi wa Berke: kijana anaharibu, wao badala ya kumgombeza wanamwelewa! "Huyo kwetu Magu angelala nje," akasema, akaambiwa atulize kichwa. Binti wa kidato cha nne alimsikitikia Kelly: mzuri, anaimba, anatunga, na bado anamngoja mwanaume anayelilia mwingine. Mimi niko na binti.

Kasoro zipo. Utani wa chini ya kiuno ni mwingi, usiiweke sebuleni mbele ya baba mkwe. Mwimbaji Sisqó kapewa nafasi ndogo kuliko kipaji chake, na Mila Kunis ndiyo unamwona akipita. Zoe Saldana, aliyekuja kubeba Oscar mwaka 2025, humu ni mmoja wa marafiki tu. Ukimtafuta kwa makini utampata.

Ushauri wangu kwa wapenzi wa muvi za kutafsiriwa, na huku kwetu ndio wengi: hii itafute ya lugha yake. Za mapigano DJ anazinogesha, sikatai. Ila humu Kelly ana wimbo wake, Dunst anauimba kwa sauti yake mwenyewe, na mtu akianza kukusimulia juu yake kwamba "dada hapa anaumia", umeukosa. Na majina yakianza kupanda usizime, Sisqó na Vitamin C wanaingia na wimbo wa September.