Padang Besar kwa treni, Malaysia mpaka Thailand: uzoefu wangu nikiwa peke yangu

Niko Malaysia kimasomo mwaka wa pili sasa na kila likizo wenzangu wanakimbilia Thailand kwa ndege ama basi la usiku, mi safari hii nikasema naenda na treni. Peke yangu, maana shoga yangu tuliyepanga naye alighairi siku mbili kabla (mambo ya hela, namuelewa). Naandika hapa kwa ajili ya Watanzania hasa, sababu maelezo mengi niliyoyakuta yameandikwa na watu wenye paspoti ambazo hazisumbuliwi popote.

Kwanza karatasi. Sisi Thailand tunaingia na viza na unatakiwa uwe nayo kabla, usiende ukitegemea utapewa mpakani. Inaombwa mtandaoni, ikitoka unaiprinti. Halafu kuna fomu ya kidijitali ya kuingia, TDAC, nayo unajaza mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika na ni bure kabisa, tovuti ikikuomba hela kimbia. Na kadi ya njano jamani, ile ya homa ya manjano!! Yangu ilikuwa chini ya begi imefungwa na karatasi za mitihani, nikawa naitafuta mbele ya watu.

Njia yenyewe: George Town, mji wa kisiwa cha Penang, unavuka na feri mpaka Butterworth, ukishuka stesheni iko palepale. Unapanda treni ya Komuter kwenda Padang Besar, stesheni ya mpakani, kama masaa mawili kasoro, nauli haifiki hata ringgit 15. AC inapuliza utadhani wanasafirisha samaki kwahiyo beba kitenge. Ukipita Sungai Petani kuelekea Alor Setar ni mashamba ya mpunga mwanzo mwisho, unaweza ukajisahau ukadhani uko Kyela. Kuna mama alikaa pembeni yangu akaniuliza apa khabar, mi nikajibu khabar baik, basi akafurahi huyo akaanza kunimiminia Kimalay chote alichonacho wakati mi nimeishia hapohapo lol. Nikawa nadaka neno mojamoja, kama dunia, au "wakati" ambayo wao wanasema waktu, nikitikisa kichwa kama naelewa. Akanipa kitu cha mchele na nazi kimefungwa kwenye jani la mgomba, kitamu ajabu, jina sikushika.

Sasa kosa langu. Kutoka Padang Besar kwenda Hat Yai, mji wa kusini mwa Thailand, ukiacha ile ya jioni ya Bangkok, treni za kawaida za Thailand ni mbili tu kwa siku, moja asubuhi kabla ya saa 4 na nyingine jioni saa 11:40, hiyo ni saa ya Malaysia. Thailand wako nyuma saa moja. Mi nilichelewa kuamka George Town, na kichwani nikajipa moyo kwamba ile saa moja itaniokoa, kumbe ratiba pale stesheni wanahesabu kwa saa ya Malaysia. Nimeshuka saa 4 na nusu, treni imeshaondoka. Masaa saba ya kusubiri.

Na hapo ndo anapotokea mpiga debe. Kijana mtanashati, kiingereza kizuri, kajua kabisa nimekwama. Dada treni ya jioni leo haipo, mi nina hiace inaondoka sasa hivi, lete tu paspoti nikugongeshee mihuri yote miwili. Kwa bei ambayo treni ningepanda zaidi ya mara kumi. Yaani nimekulia Ubungo mimi, mtu akikuambia gari hakuna wakati yeye ana gari si unajua tu. Nikaenda kuuliza dirisha la tiketi, yule mama wa dirishani akacheka akanionyesha saa kwa kidole: ipo. Baht 50. Paspoti yako usimpe mtu yeyote asiye ndani ya dirisha la uhamiaji, hata kama ana kitambulisho shingoni.

Nikapanda juu kwenye mgahawa wa stesheni nikala roti na mchuzi, chai ya maziwa, nikalala mezani, nikala tena. Vyoo visafi. Kwa mwanamke peke yake sikuona shida, niliona watu wa familia na askari wanapitapita.

Mpaka wenyewe ni kama Namanga siku hizi, nchi zote mbili chini ya paa moja, unatoka dirisha la Malaysia unahamia la Thailand humohumo stesheni. Malaysia ilikuwa dakika moja. Thailand sasa... Mbele yangu wazungu wawili walipita kama wanapita mlango wa duka. Yangu afande akaipokea, akaitazama mbele, akaigeuza, akafungua kurasa moja moja mpaka zile tupu, akamwita mwenzie, wakaitazama wawili. Viza? Hii hapa. Kadi ya njano? (ndo lile begi likafumuliwa.) Hoteli? Hela? Nilishasoma kwamba mwenye viza ya utalii anaweza kuambiwa aonyeshe baht 20,000 kwahiyo nilikuwa nazo, nusu za kwangu nusu nimeazima hosteli kwa ajili ya kuonyesha tu, nikazipanga pale kaunta. Hakuhesabu hata! Akagonga muhuri akasema welcome. Hakuwa mkorofi, wala hakuniomba kitu, ila jasho lilinitoka. Ilikuwa kama dakika kumi na tano, treni inasubiri.

Treni ya Thailand ni daraja la tatu, feni za juu na madirisha unashusha mwenyewe, na mi niliipenda kuliko ile ya AC. Upepo, mashamba ya mpira, watoto wanapunga mikono. Kama lisaa hivi. Kituko ni kwamba nimetoka saa 11:40, nashuka Hat Yai simu imejibadilisha inasoma saa 11 na nusu na ushee, yaani nimefika kabla sijaondoka. Laini ya Malaysia ikafa hapohapo, nunua bando mapema. Nje ya stesheni kuku wa kukaanga na vitunguu juu, na vibanda vingi vya Waislamu vimeandikwa halali kwahiyo sikuhangaika.

Nyota nne kati ya tano. Moja naikata kwa ratiba, treni mbili kwa siku hazitoshi.

Siku tatu baadae nikarudi na ya asubuhi. Nashuka Padang Besar, yule kijana yupo, anamwambia bibi mmoja wa Kijapani mwenye begi kubwa kuliko yeye kwamba treni ya Hat Yai leo hakuna. Nikamgusa yule bibi bega, nikamuonyesha behewa nililoshukia.