Ubao wa balansi: miezi minane nikiutumia na wachezaji wa michezo minne

Niliununua kwa ajili ya mtu mmoja tu, binti wa mpira wa kikapu aliyeteguka kifundo cha mguu wa kushoto kwa mara ya pili. Ni duara la mbao, upana wake sentimita 40, na chini limefungwa nusu tufe la plastiki ngumu. Unapanda, unahangaika kuzuia kingo zisiguse sakafu. Basi, kazi yake ndiyo hiyo. Ila wiki haikuisha kila ninayemnoa akawa anautaka.

Wa jimnastiki waliniacha mdomo wazi. Mmoja alipanda pekupeku, kwa mguu mmoja, akatulia tuli. Nilipoinama nikaona vidole vya mguu ndivyo vinavyofanya kazi, vinaubana ubao na kuuachia, vinaubana na kuuachia. Mtu huyu anaishi juu ya boriti yenye upana wa sentimita 10. Kuyumba anakusahihisha kabla hujakuona. Wa soka hawakuwa mbali naye, maana kila anapopiga mpira mguu mmoja umebeba mwili mzima.

Wa kikapu, ambao kwa kuruka hawana mpinzani, walipepesuka vibaya. Mrefu wao alinishika bega. Nisingependa mtu awaone wazembe: tafiti zilizolinganisha michezo nazo zimekuwa zikiwaweka nyuma ya jimnastiki na soka. Mchezo wao ni wa miguu miwili, mbio na kutua, macho yakiwa kwenye mpira. Kusimama tuli kwa mguu mmoja hawakutakiwa kamwe.

Kisha nikawaambia wafumbe macho. Mwili hujishikilia kwa macho, kwa sikio la ndani na kwa hisia za misuli na viungo. Ukiondoa macho, hayo mawili yanabeba mzigo wote. Hata yule wa jimnastiki aligusisha kingo. Aliyebaki juu muda mrefu zaidi ni kijana wa judo, ambaye kila siku anausoma mwili wa mpinzani kwa mikono na nyayo.

Ndiyo maana maneno ya kwenye boksi, kwamba ubao unajenga balansi ya kila mchezo, siyakubali. Anayeuzoea ubao anakuwa hodari wa ubao. Ili umsaidie uwanjani, lazima umrushie mpira akiwa juu yake, umsukume kidogo, umgeuze. Lakini kwa kifundo kilichowahi kuteguka, hapo nausifu bila kusita: mazoezi ya balansi yanapunguza hatari ya kuteguka tena, na chombo hiki kinayafanya yawezekane kwenye kona yoyote ya chumba.

Kasoro ninazo mbili. Mpira uliobandikwa juu ulianza kubanduka mwezi wa tatu, nikaung'oa wote, na sasa mbao inateleza miguu ikitoka jasho. Pili, kimo cha tufe hakibadilishwi: kwa wa jimnastiki ni rahisi mno, na kwa majeruhi wa siku ya kwanza ni kigumu mno. Mimi huanza naye akiwa ameshika ukuta, sekunde 20, anapumzika. Ukipata chenye tufe la kupandisha na kushusha, chukua hicho.

Binti sasa anasimama kwa mguu wa kushoto huku akipasiana mpira na ukuta. Umetulia kuliko wa kulia, kwa hiyo wiki hii tumehamia kulia.