Kugomboa kontena Bandari ya Dar es Salaam: gatini kasi, nyaraka ndiyo shida

Sifa kwanza. Upande wa maji bandari hii imebadilika: gati namba 1 hadi 7 zimechimbwa kufikia kina cha mita 14.5, na tangu mkataba wa Mamlaka ya Bandari (TPA) na DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, wa Oktoba 2023 upakuaji umechangamka. Wa Kariakoo, Lusaka na Lubumbashi wote wanafaidi. Kinachokera kiko nchi kavu, na sehemu kubwa huanzia kwenye nyaraka, meli ikiwa bado haijang'oa nanga huko ilikotoka.

Mpe wakala wa forodha hati ya shehena, ankara na orodha ya vifurushi mapema, aingize tamko la forodha kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla meli haijafunga gatini. Bidhaa zinazodhibitiwa na Shirika la Viwango (TBS) ziwe na cheti cha ukaguzi kutoka nchi ulikonunua. Kuandika "bidhaa mchanganyiko" kwenye ankara ni kujitakia: ofisa hana pa kuziweka kwenye jedwali la ushuru, thamani inahojiwa, kontena linafunguliwa na kukaguliwa kimoja kimoja. Baya zaidi ni jina au uzito kutofautiana kati ya hati ya shehena na manifesti, yaani orodha ya mizigo yote ya meli. Hilo wakala wako halirekebishi. Lazima kampuni ya meli iombe mabadiliko, na siku zinahesabiwa.

Tena zinahesabiwa mara mbili. Bandari, au bandari kavu (yadi ya forodha nje ya bandari) kontena lilikohamishiwa, inatoza uhifadhi. Kampuni ya meli inatoza ucheleweshaji wa kontena lake. Kulipa ya kwanza hakusimamishi ya pili. Hiyo ya pili inakoma kontena tupu likifika yadi waliyoitaja, nawe ukapewa risiti. Bila risiti, amana uliyoweka kwa ajili ya kontena haitoki. Kwa mzigo wa Lubumbashi, siku za bure, kabla tozo ya kampuni ya meli haijaanza, zinazomtosha mtu wa Dar hazitoshi kwenda na kurudi. Omba nyongeza mnapopatana nauli ya meli, na iandikwe. Kontena likishashuka huna tena cha kushindania.

Barabarani kuna mizani ya Vigwaza, malori yanapopimwa uzito. Lori la ekseli saba linaruhusiwa tani 56 kwa jumla, lakini uzito unaobebwa na ekseli nao hupimwa. Kontena la futi 20 lenye vigae likifungwa mbele mno kwenye trela, jumla inaweza kuwa sawa na faini ikakupata vilevile. Lipangwe vizuri kabla ya kutoka getini, maana kulisogeza ukiwa Vigwaza ni kutafuta kreni ya kukodi.