TAHADHARI: Chakula cha perege kinauzwa kwa jina la chakula cha mbuna

Wafugaji wa samaki wa mapambo, hasa mnaofuga siklidi (ukoo mkubwa wa samaki) wa Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, kaeni chonjo. Kuna muuzaji mtandaoni anafunga upya chakula cha samaki wa bwawani kwenye pakiti ndogo zinazong'aa, anabandika picha ya mbuna wa njano (mbuna ni siklidi wa Ziwa Nyasa waishio kwenye miamba), anaandika "spirulina", yaani aina ya mwani, kwa herufi kubwa, kisha anauza kama chakula maalumu. Jina la akaunti halitawasaidia, analibadilisha kila akishtukiwa. Mtambueni kwa mzigo wake.

Pakiti iliyonifikia ilikuwa na stika mbili za tarehe. Ya juu ilikuwa imebanduka pembeni. Nilipoivuta, chini yake ikatokea tarehe iliyokwishapita. Ndani, chembe hazilingani: nyingine vumbi tupu, nyingine mbuna mzima hawezi kuzimeza. Nilikata moja kwa wembe nikakuta kijani kiko juu tu, katikati ni kahawia. Na harufu ni ya mafuta yaliyochacha.

Nilipombana, alijibu bila aibu: "Ni cha perege bosi, samaki ni samaki, watazoea." Nilipodai hela yangu, akanishauri ninunue na dawa yake ya tumbo. Yaani ugonjwa na tiba duka moja! Baada ya hapo akanizuia nisimwandikie tena.

Hoja anayojitetea nayo ni kwamba perege naye ni siklidi. Kweli, ni ukoo mmoja, lakini matumbo si mamoja. Chakula cha bwawani kimetengenezwa ili samaki anenepe haraka afike sokoni, na kwa kazi hiyo hakina ubaya. Mbuna wengi kule ziwani hushinda wakikwangua mwani kwenye miamba pamoja na vijidudu vilivyomo, na utumbo wao ni mrefu kwa sababu hiyo. Tropheus wa Tanganyika, siklidi ambao nao hula mwani, ndio wepesi zaidi kudhurika. Wakilishwa vyakula vizito vyenye mafuta mengi, hatari ya tumbo kufura inaongezeka, ingawa maji machafu na kuonewa na wenzao navyo huchangia. Kwa upande mwingine, siklidi kama frontosa na oska ni wawindaji, wanahitaji protini ya samaki au kamba. Ndiyo maana lebo inayosema "chakula cha siklidi" bila kueleza ni siklidi gani hainishawishi hata kidogo, awe ameiandika tapeli au kampuni kubwa.

Msihadaike pia na namba ya protini. Kipimo cha kawaida hupima naitrojeni, si protini yenyewe, na matapeli wanalijua hilo. Mwaka 2007 vyakula vingi vya mbwa na paka viliondolewa sokoni Marekani baada ya melamini, kemikali ya viwandani, kukutwa kwenye malighafi, na sababu ilikuwa hiyohiyo: melamini ina naitrojeni nyingi, inapandisha namba. Soma orodha ya viambato. Kwa kawaida hupangwa kwa uzito, kizito kikitangulia. Spirulina ikijificha mwishoni, karibu na rangi, basi imewekwa kwa ajili ya tangazo.

Kabla ya kulisha, tia chembe chache kwenye glasi ya maji safi. Kama ameahidi chakula kinachozama na chote kinaelea, umeshapata jibu. Kikisambaratika papo hapo kuwa uji, kitakuchafulia maji. Rangi isikuharakishe kuhukumu, maana hata spirulina halisi huachia rangi kidogo.

Kufunga upya peke yake si kosa. Maduka mengi waaminifu hugawa ndoo kubwa. Ila mwaminifu atakuonyesha ndoo yenyewe, jina la mtengenezaji, tarehe, na atakwambia imefunguliwa lini, kwa kuwa vitamini C hupungua na mafuta huharibika chakula kikishapata hewa, joto na unyevu. Huyu nilipomwomba picha ya ndoo alinitumia picha ya pakiti ileile.

Ana na chakula cha "kukoleza rangi ndani ya muda mfupi". Hicho msikiguse. Kuna wanaotumia homoni ya kiume kuwatia rangi hata majike, na huwezi kuiona kwa macho.

Kama umeshawalisha, angalia anayekataa kula, anayejificha, anayehema haraka, anayetoa kinyesi cheupe chembamba au aliyefura tumbo. Simamisha chakula siku moja mbili, pima amonia na nitriti (sumu zinazotokana na uchafu ndani ya maji), badilisha sehemu ya maji, mtenge mgonjwa. Dawa tafuta kwa mtaalamu, si kwake. Na pakiti usiitupe: piga picha stika zote mbili, hifadhi ujumbe na risiti ya malipo, kisha mripoti kabla hajafuta akaunti.